Safari ya Jamaika na watoto: Mwambie daktari mlikotoka

Mzazi anayetaja Jamaika mbele ya ndugu zake hujibiwa mambo mawili, muziki wa rege na bunduki. Shangazi atauliza kama kweli mtu mwenye akili timamu anawapeleka watoto huko, na mjomba ataongezea habari aliyoisoma kwenye simu. Si swali la kupuuza. Mwaka 2024 kisiwa hicho chenye watu wasiofika milioni 3 kilikuwa na mauaji zaidi ya 1,100, na serikali yake imezoea kutangaza hali ya hatari katika baadhi ya mikoa ili polisi na wanajeshi wafanye misako.

Lakini mzazi akiishia kwenye swali la bunduki, atafunga mabegi akiwa amejiandaa kwa hatari ambayo huenda asikutane nayo kabisa, na kuzisahau zile zinazowapata watoto wakiwa likizo: maji, barabara, chakula wasichokijua na homa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayochanganya watu zaidi, na ndiyo inayohitaji maelezo marefu.

Kuhusu uhalifu, yaliyo ya msingi ni machache. Sehemu kubwa ya mauaji ya Jamaika hutokana na magenge, na hutokea katika mitaa inayojulikana ya Kingston, Spanish Town na baadhi ya maeneo ya Montego Bay. Wanaoumia zaidi ni wakazi wa mitaa hiyo hiyo. Mwaka 2025 idadi ya mauaji ilishuka sana. Familia inayofikia kwa ndugu au hotelini imuulize mwenyeji wake ni mitaa ipi haipitwi, isitembee kwa miguu na watoto usiku, na isitandaze simu na fedha hadharani. Mtu aliyelea watoto Manzese au Eastleigh hahitaji somo refu hapo.

Barabara ndizo zenye mtego. Jamaika wanaendesha kushoto kama sisi, na teksi nyingi ni Probox zilezile zinazobeba abiria wa kubanana kwetu. Kwa hiyo mzazi hujiona yuko nyumbani, anakodi gari siku ya pili na kuanza kupanda milima. Barabara za ndani ni nyembamba, zina kona kali na mashimo, na madereva wa pale huzipita kwa kasi ya mtu anayezijua tangu utotoni. Zaidi ya watu 350 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka, idadi kubwa kwa nchi ndogo kiasi hicho.

Teksi iliyosajiliwa ina kibao cha namba chekundu. Gari lenye kibao cha rangi nyingine linalosimama na kuita abiria liachwe liende, hata kama dereva ni mcheshi. Kiti cha mtoto cha kwenye gari ni nadra kukikuta kwenye teksi, hivyo familia yenye mtoto mdogo ibebe chake. Kumpakata mtoto hakusaidii. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kawaida tu wa mjini, hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia mtoto asirushwe.

Bahari nayo ina sura mbili. Fukwe nyingi za kaskazini na magharibi, kuanzia Ocho Rios hadi Negril, zina maji tulivu na ndizo zinazoonekana kwenye picha. Ukienda upande wa mashariki, kwa mfano Long Bay katika mkoa wa Portland, mawimbi ni makubwa na kuna mikondo inayomvuta mtu kuelekea kina kirefu. Mtu mzima anayejua kuogelea huchoka kwa kupigana na mkondo wa namna hiyo. Mtoto hana nafasi. Fukwe nyingi za umma hazina waokoaji, na mabwawa ya hoteli ndogo mara nyingi yana kibao tu kinachosema kila mtu aogelee kwa hatari yake mwenyewe.

Wazazi wengi wa kwetu hawajui kuogelea, na hilo halina aibu. Kinachotakiwa ni kulikubali kabla ya safari. Mzazi asiyeweza kumfuata mtoto majini amweke mahali ambapo maji hayapiti kiuno cha mtoto, naye awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, simu ikiwa kwenye begi. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye filamu. Hunyamaza, kichwa kinarudi nyuma, na huzama kwa muda mfupi kuliko ule wa kujibu ujumbe mmoja. Maboya ya kupulizwa ya mikononi ni vitu vya kuchezea, wala si vifaa vya kuokolea maisha.

Kwenye chakula kuna tunda moja ambalo kila mzazi anapaswa kulijua kwa jina. Linaitwa aki. Ndilo tunda la taifa la Jamaika, asili yake ni Afrika Magharibi, na likipikwa na samaki wa chumvi ndicho kifungua kinywa wanachojivunia watu wa kisiwa kizima. Ukila kwenye mgahawa au kwa mama wa nyumbani anayejua kulipika, ni chakula kizuri. Hatari iko kwenye tunda bichi. Aki ambayo haijajifungua yenyewe mtini ina sumu iitwayo haipoglisini, inayoshusha sukari mwilini kwa ghafla. Mtoto hutapika mfululizo, halafu analegea, na asipopata sukari na hospitali haraka anaweza kupata degedege na kupoteza maisha. Mbegu zake nyeusi zinazong'aa, ambazo mtoto yeyote angependa kuzichezea, zina sumu pia. Watoto waliozoea kuokota maembe na zambarau uani kwa bibi waambiwe waziwazi kwamba tunda la njano na jekundu lililo chini ya mti halili mtu bila ruhusa ya mkubwa.

Kuna pia pipi. Tangu mwaka 2015 kumiliki kiasi kidogo cha bangi Jamaika hakumpeleki mtu jela, na bangi sasa huuzwa hata ikiwa ndani ya keki, biskuti na peremende zenye rangi. Oktoba 2023, wanafunzi zaidi ya 60 wa shule ya msingi katika mkoa wa St Ann walipelekwa hospitali baada ya kula peremende za aina hiyo. Hao walikuwa watoto wa palepale, wanaoijua nchi yao. Mtoto mgeni asipokee kitu kitamu kwa mchuuzi wa ufukweni, na mtoto aliyeanza kusinzia kupita kawaida au kuyumba baada ya kula kitu asiachwe alale ili "ipite".

Suala la tarehe ya safari huamuliwa na bei ya tiketi, na hapo ndipo familia nyingi hujiingiza matatani. Msimu wa vimbunga katika bahari ya Karibiani huanza tarehe 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na hoteli hushusha bei kipindi hicho kwa sababu inayoeleweka. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita pwani ya kusini ya Jamaika. Tarehe 28 Oktoba 2025 kikaja Melissa, kimbunga cha daraja la 5, la juu kabisa, kikatua kusini magharibi mwa kisiwa kikiwa na upepo wa takribani kilomita 295 kwa saa. Zaidi ya watu 40 walifariki nchini humo. Mji wa Black River ulibomolewa kwa sehemu kubwa, na hospitali yake iliharibiwa vibaya.

Likizo ya Juni au Agosti si marufuku. Inataka tu mambo mawili yaangaliwe mapema. Kwanza, bima ya safari isomwe kama inalipa safari inapoahirishwa kwa sababu ya kimbunga, na inunuliwe kabla kimbunga hakijapewa jina, maana kikishajulikana bima nyingi hukitoa kwenye orodha. Pili, dawa za mtoto za kila siku, kama za pumu, kifafa au selimundu, zibebwe za wiki mbili zaidi ya siku za safari. Uwanja wa ndege ukifungwa, na maduka ya dawa hukosa umeme.

Kwenye mafuriko ndipo homa zinapoanza kujichanganya. Wiki chache baada ya Melissa, Novemba 2025, Wizara ya Afya ya Jamaika ilitangaza mlipuko wa leptospirosisi. Kwa Watanzania ugonjwa huu una jina tayari. Ni ule uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022 na kuitwa homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa kwenye maji na matope, na humwingia mtu kupitia mchubuko, macho au mdomo. Mtoto hupata homa, macho mekundu, maumivu makali ya misuli hasa ya miguu, na wakati mwingine macho na ngozi kuwa njano. Ukijulikana mapema hutibika kwa antibayotiki za kawaida. Kwa hiyo mtoto asichezee madimbwi baada ya mvua kubwa, na viatu vya wazi vibaki chumbani siku hizo.

Homa iliyo ya kawaida zaidi Jamaika, lakini, ni dengue. Septemba 2023 serikali ilitangaza mlipuko wake, na hata miaka isiyo na mlipuko ugonjwa upo. Nasi si wageni nao. Dar es Salaam iliugua mwaka 2014 na tena 2019, na Mombasa imepigwa zaidi ya mara moja. Hata jina lenyewe huenda lilitoka huku kwetu. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar katika karne ya 19, aliandika kwamba wenyeji waliiita homa hiyo kidinga pepo, na akaihusisha na ile iliyovikumba visiwa vya Karibiani mwaka 1827, ambako jina dengue lilianza kuvuma. Wataalamu wa lugha bado wanabishana kuhusu asili hiyo, lakini Waswahili hadi leo wanasema kidingapopo.

Mbu wa dengue, aina ya Aedes, ana tabia tofauti na yule wa malaria. Huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama, yakiwemo ya kwenye kisahani cha chungu cha ua kilicho kwenye roshani ya hoteli. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii. Mtoto mchanga anayelala mchana afunikwe kwa chandarua saa hizo hizo za mchana, na wakubwa wapakwe dawa ya kufukuza mbu kwenye sehemu zilizo wazi, baada ya mafuta ya kuzuia jua, si kabla. Dawa zenye DEET hazipakwi mtoto wa chini ya miezi 2, na kwa wadogo hazipakwi viganjani kwa sababu vidole huishia mdomoni. Mama mjamzito aonane na daktari wake kabla hajakata tiketi, kwani virusi vya Zika, vilivyosambaa Jamaika mwaka 2016, hubebwa na mbu huyu huyu na vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Dengue huanza kwa ghafla: homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli, wakati mwingine vipele. Mtoto wa miaka 3 hawezi kusema macho yanamuuma kwa ndani. Atakataa kula, atalia akiguswa, atataka kubebwa. Siku ya tatu au ya nne hivi homa inashuka, na familia nzima inashusha pumzi. Hapo ndipo pabaya. Kwa wagonjwa wachache dengue hugeuka kuwa kali katika siku zile zile ambazo joto linashuka, kati ya siku ya 3 na ya 7 tangu kuugua, maji ya damu yanapoanza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Mtoto mwenye maumivu makali ya tumbo, anayetapika bila kukoma, anayetoka damu kwenye fizi au puani, anayepumua haraka, mwenye mikono na miguu ya baridi, au aliyekuwa akicheza na sasa amelegea na kusinziasinzia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kipimajoto kinasema yuko sawa. Aliyewahi kuugua dengue ya aina moja yuko kwenye hatari zaidi akiugua aina nyingine, na watoto wa Dar es Salaam na Mombasa wengi wao walishaumwa bila hata kujulikana.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Tiba ni maji ya kutosha, mapumziko, uangalizi na parasetamoli kwa dozi ya uzito wa mtoto. Tatizo la familia za kwetu liko kwenye kabati la dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu kwa mgonjwa wa dengue, na hizo ndizo dawa ambazo watu wengi hukimbilia. Kuna dawa za maji za watoto zinazouzwa kama za homa na maumivu ambazo ndani yake zina parasetamoli na ibuprofeni pamoja. Maandishi ya chupa yasomwe hadi mstari wa mwisho kabla haijaingia kwenye begi. Na sindano ya "kutuliza" ya duka la dawa, ambayo mara nyingi ni diklofenaki, isikubaliwe kabla haijajulikana ni homa gani.

Sasa chukua mtoto aliyetoka Morogoro au Kisumu, akapita Ulaya, akatua Montego Bay. Siku ya 8 anaanza kuchemka. Daktari wa pale anamwona mtoto wa hotelini, mwenye nguo safi, aliyekuwa akicheza bwawani jana. Atawaza mafua, atawaza dengue. Malaria haitamjia haraka, kwa sababu Jamaika iliitokomeza na kutambuliwa rasmi kuwa haina malaria mwaka 1966. Mwaka 2006 ulitokea mlipuko Kingston baada ya vimelea kuingia kutoka nje, nao wakapambana nao hadi wakauzima. Daktari kijana wa leo anaweza kuwa ameisoma malaria vizuri kitabuni na hajawahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja.

Mtoto huyo lakini aliumwa na mbu kabla hajapanda ndege. Malaria ya falsiparamu, ambayo ndiyo nyingi kwetu, kwa kawaida hujitokeza wiki moja hadi mwezi baada ya kuumwa na mbu, na mara chache huchelewa zaidi. Mtoto mdogo anaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi malaria kali ndani ya siku moja au mbili. Kinachomwokoa ni sentensi moja ya mzazi mapokezini, kabla hata hajaulizwa: tumetoka Tanzania tarehe fulani, kuna malaria kwetu, tunaomba apimwe damu leo. Jamaika wanazungumza Kiingereza, hivyo lugha si kikwazo. Daktari akisema hapa hakuna malaria, anasema kweli kuhusu kisiwa chake. Mzazi arudie kwa upole kwamba mtoto hakuipatia pale.

Sentensi hiyo inawahusu pia, na pengine zaidi, wazazi wa Kitanzania na Kikenya wanaoishi Toronto, London au Houston. Familia imekuja kwa bibi Krismasi, imerudi, na wiki tatu baadaye iko Negril. Pasipoti za watoto ni za Canada, lafudhi yao ni ya Canada, na kwenye fomu ya hospitali wataandika wametoka Canada. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga yoyote ya malaria, na ndio inayowashika vibaya zaidi. Swali la daktari likiwa "mmetoka wapi", jibu liwe la miezi mitatu iliyopita yote, si la ndege ya mwisho.

Upande wa pili wa safari nao una kosa lake. Mtoto amerudi Dar es Salaam, ana homa siku ya 5. Nyumbani kila mtu anajua ni malaria, na baba mmoja kati ya wengi atanunua dawa ya mseto bila kipimo. Dengue huchukua siku 4 hadi 10, mara chache hadi 14, tangu mbu alipouma hadi homa kuanza, kwa hiyo homa yoyote ya wiki mbili za kwanza baada ya Jamaika ina washukiwa zaidi ya mmoja. Malaria ipimwe, maana huenda aliumwa na mbu wa nyumbani kabla ya kuondoka au usiku wa kurudi. Kipimo kikisema hana, isiwe mwisho wa habari. Mzazi aseme mtoto alikuwa Jamaika na aulize kuhusu kipimo cha dengue, ambacho katika siku 5 za kwanza huweza kuviona virusi vyenyewe kwenye damu. Kama aliingia kwenye maji ya mafuriko, na hilo litajwe. Siku hizo za homa mtoto akae ndani ya chandarua hata mchana, kwani mbu wa Aedes wamejaa Dar es Salaam, na akimuuma yeye anaweza kupeleka ugonjwa kwa jirani.

Kabla ya yote hayo kuna kaunta ya ndege. Jamaika hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri yeyote wa kuanzia mwaka 1 anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya na Uganda zimo kwenye orodha. Aliyepitia Nairobi au Entebbe na kukaa hapo anaweza kuulizwa hata kama ni Mtanzania. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Kuchomwa sindano juzi na kusafiri kesho hakumsaidii mtu. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, hivyo mzazi wa mchanga amwone daktari mapema.

Kuhusu hospitali, jiografia ndiyo inayosumbua. Hospitali maalumu ya watoto, Bustamante, iko Kingston, upande wa kusini mashariki, wakati watalii wengi wanafikia kaskazini na magharibi. Kutoka Montego Bay hadi Kingston kwa gari ni kama saa 3, na Negril ni mbali zaidi. Kliniki na hospitali binafsi zilizo karibu na hoteli hutaka kadi ya benki au malipo ya awali kabla mgonjwa hajalazwa. Bima ya mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi mara nyingi haifiki huko. Bima ya safari isomwe kama inataja watoto kwa majina, kama inalipa kulazwa, na kama inalipa kumhamisha mgonjwa kwa ndege kwenda nchi nyingine, kwa sababu gharama hiyo ya mwisho inaweza kuifilisi familia. Simu ya gari la wagonjwa ni 110, ya polisi 119. Siku ya kwanza ulizeni mapokezini ni zahanati gani iliyo karibu na hufungwa saa ngapi.

Mengi ya haya yanaingia kwenye karatasi moja, iliyokunjwa ndani ya pasipoti ya mama au baba. Iandikwe jina la kila mtoto, mzio wake, dawa anazotumia, chanjo alizopata, tarehe ya kuondoka nyumbani na miji yote iliyopitwa katika miezi mitatu, na tarehe ya kufika Jamaika. Karatasi hiyo isitupwe mkirudi. Ibaki mlangoni mwa friji kwa miezi mitatu. Na pembeni ya kila jina uandikwe uzito, uliopimwa wiki ya safari wala si ule wa kadi ya kliniki ya mwaka juzi, kwa sababu dozi ya parasetamoli na dozi ya dawa ya malaria zote huhesabiwa kwa kilo.